Tundu la Pini 14

Matundu ya kompyuta za zamani za Apple yakitajwa tu, hukumu hutangulia ushahidi: kampuni ile, husemwa, ilibuni plagi za ajabuajabu ili mteja asipate pa kununua waya isipokuwa kwake. Dai hili limerudiwa mpaka likageuka historia. Silikatai lote. Lakini wanaolitoa hutazama kioo na programu, hawaigeuzi mashine wakauona mgongo wake. Mgongo wa Macintosh Quadra 700, iliyotoka Oktoba 1991, unasema mengi kuliko vitabu kadhaa vinavyosifu au kulaani kampuni hiyo.

Itheneti ilivyozaliwa katika maabara ya Xerox mwaka 1973 kumeandikwa vya kutosha. Quadra 700 na nduguye Quadra 900 ndizo Macintosh za kwanza kuja na itheneti tayari kwenye ubao mkuu. Kabla yake ulinunua kadi, na wengi hawakununua kwa kuwa walikuwa na LocalTalk, mtandao wa Apple yenyewe. Hiyo ilianza mwaka 1985 kwa sababu ya kimaskini kabisa: printa ya LaserWriter iliuzwa dola 6,995, na ofisi isingeweza kumpa kila karani ya kwake. Biti 230,400 kwa sekunde zilitosha kuigawana.

Kisha kampuni ya Farallon ikaleta PhoneNet, iliyopitisha mawasiliano hayohayo kwenye waya wa kawaida wa simu. Penye nyaya nne ukutani, ilitumia zile mbili ambazo simu haikuzihitaji. Kwangu huu ndio ubunifu wa heshima kuliko wote katika kisa hiki, na inashangaza jinsi waandishi wanavyoupita kimyakimya.

Mwaka 1991, basi, aliyetaka kuweka tundu la itheneti kwenye mashine alilazimika kujibu swali gumu: la waya upi? Vyuo vilikuwa na ule mnene wa zamani. Ofisi nyingi zilitumia mwembamba, wenye kiungo cha kuzungusha. Wa tatu, wa nyaya zilizosokotwa na plagi ya RJ45, ulikuwa na kiwango rasmi cha mwaka 1990 tu. Leo tunajua kuwa huo wa tatu ulishinda, wahandisi wa Apple hawakujua. Wakaweka tundu dogo la pini 14 lililoitwa AAUI, lisilofuata waya wowote. Mteja alinunua kijisanduku cha kuunganishia kinacholingana na waya wa jengo lake, na jengo likibadilisha waya, kompyuta haikufunguliwa.

Tundu la kawaida la kazi hiyo, AUI la pini 15, lilikuwapo tayari. Lakini lilikuwa kubwa, na kishikizo chake cha kuteleza kililegea hadi waya ukadondoka. Mafundi wa miaka hiyo walikichukia, nao walikuwa na haki. AAUI ilishikwa kwa vibanio vya kubonyeza.

Hoja nzito ya washitaki, ambayo wenyewe hawaitumii, ni umeme. AUI hutoa volti 12. AAUI hutoa 5. Kwa hiyo kifaa cha zamani hakikukubali kwa kubadilishiwa umbo la plagi peke yake. Na ndani ya Quadra volti 12 zilikuwapo, za kuendesha diski! Utetezi wangu ni kwamba tundu hilohilo liliwekwa baadaye kwenye kompyuta za kubeba za PowerBook 500, ambako kila volti hutoka kwenye betri. Utetezi huo si wa chuma, lakini unasimama.

Kwenye sauti, mshitakiwa hana pa kujificha. Macintosh ya 1984 ilikuwa na tundu moja la kutolea sauti. La maikrofoni lilikuja mwaka 1990 kwenye Macintosh LC na IIsi, wakati kampuni ingali inashitakiwa na Apple Corps ya wale Beatles kwa kuingia kwenye muziki. Mwaka 1993 ikaja maikrofoni ya PlainTalk, yenye plagi ndefu kuliko ya kawaida, ncha yake ikichota umeme ndani kabisa ya tundu. Maikrofoni ya dukani iliingia vizuri, ila tundu lilitaka sauti yenye nguvu ya redio kaseti, kwa hiyo kilichosikika ni mnong'ono. Mtu alilaumu programu, akalaumu maikrofoni, kumbe ni urefu wa plagi. Huo ulikuwa ubaguzi usioonekana kwa macho, na sioni sababu ya kuutetea.

Mwaka 1995 Power Macintosh 7500 ilibeba AAUI na RJ45 bega kwa bega. G3 za mwishoni mwa 1997 ziliiacha AAUI. Katika miaka hiyo sita, vijisanduku vya AAUI havikuuzwa na Apple peke yake. Asanté walikuwa na vyao, na Farallon, walewale wa waya wa simu, waliuza EtherWave yenye matundu mawili ya RJ45, hivyo mashine moja ikaunganishwa na inayofuata. Mtego unaowaachia washindani wauze ufunguo ni mtego wa namna gani?