Siku 84 na Bakuli la Uji

Kiswahili kina neno moja lililobeba watu wawili. Mzazi ni mtu yeyote mwenye mtoto, hata kama ana mvi na wajukuu. Lakini Tanga nilikokulia, ukisikia "nyumba ile kuna mzazi", hakuna anayemfikiria mzee. Maana yake ni kwamba kuna mwanamke amejifungua juzijuzi, na kwa hiyo hupiti pale mikono mitupu. Unapeleka sukari, unga, kuku au sabuni. Ukiwa huna kitu, unajipeleka mwenyewe, unachota maji na kufua nepi.

Nasoma shahada ya uzamili katika historia, hapa Dar es Salaam. Nilipotafuta mada ya tasnifu nilitaka kuandika juu ya maziwa ya kopo: yaliingiaje, nani aliyauza, nani aliyanunua. Kadiri nilivyosoma, kopo likaanza kunionyesha kitu kingine. Pengi lilipofanikiwa kuingia, kuna mtu alikuwa ameshaondoka kabla yake: bibi, shangazi, jirani, au saa za kupumzika. Nikaanza kuisoma historia ya kunyonyesha kama historia ya watu waliomzunguka mama.

Pwani, watu hao walikuwa na ratiba. Mzazi alikaa ndani siku 40. Mama yake, au mwanamke mzoefu wa mtaani, alimkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akamfunga tumbo kwa kanga, akamnywesha uji wa pilipili manga na supu. Kilimanjaro, Wachaga walimpikia mtori, ndizi zilizopondwa na nyama, wakamkataza jembe na kuni. Mahali pengi mzazi alibakiwa na kazi mbili tu, kulala na kunyonyesha. Hata maziwa yenyewe yalikuwa na sheria zake. Kurani inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na katika fikihi mtoto aliyenyonyeshwa na mwanamke asiye mama yake anakuwa mtoto wa mwanamke huyo pia, hawezi kuoa wala kuolewa na watoto wake. Watu hawatungi kanuni ya jambo lisilotokea. Wanawake walinyonyesheana watoto, ndiyo maana udugu wa kunyonya ukahitaji kuwekewa mpaka.

Sitaki kuupaka sukari wakati huo. Wanawake walewale walioleta uji walimwambia mzazi akamue dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, ayamwage kwa kuwa ni machafu. Sasa tunajua kwamba yamejaa kinga. Walimpa mtoto maji kabla hajafikisha wiki. Na mtoto akidhoofu, walinong'ona kwamba amebemendwa, kwamba wazazi wake wamekutana kabla ya wakati, na mara nyingi aliyebeba aibu ni mama. Mikono ile ilikuwa na msaada na ilikuwa na hukumu. Nimejifunza kuvisoma vyote viwili pamoja, kwa sababu kizazi cha mama zetu kilipokimbia hukumu kwenda mjini, kiliuacha na msaada kijijini.

Msomaji anaweza kuuliza bakuli la uji linahusiana vipi na maziwa. Jibu zuri kuliko yote niliyokutana nayo lilitoka Marekani mwaka 1948. Mtafiti Niles Newton na mumewe Michael Newton, daktari, walifanya jaribio kwa mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha. Walimpima mtoto kabla na baada ya kunyonya ili kujua amepata maziwa kiasi gani. Siku nyingine walimwacha mama atulie. Siku nyingine walimsumbua makusudi: miguu yake iliwekwa kwenye maji ya barafu, vidole vya miguu vikavutwa mpaka vikauma, au akaulizwa maswali ya hesabu. Siku za usumbufu mtoto alipata maziwa machache zaidi. Mama alipochomwa sindano ya oksitosini, ile homoni inayosukuma maziwa yatoke, mtoto alipata karibu kiasi chake cha kawaida, ingawa usumbufu uliendelea.

Maziwa yalikuwemo muda wote. Kilichokosekana ni utulivu wa kuyaruhusu yatoke. Na yasipotoka, mwili hupunguza kuyatengeneza, kwa sababu titi linalobaki limejaa hutuma habari kwamba hayahitajiki. Mwaka 1973 mwanaanthropolojia Dana Raphael, naye Mmarekani, alichapisha kitabu akieleza kwamba katika jamii nyingi mwanamke anayefanikiwa kunyonyesha huwa na mtu pembeni yake, wa kumtunza yeye ili yeye amtunze mtoto. Lugha yake haikuwa na jina la mtu huyo, akaazima la Kigiriki: doula. Niliposoma hapo nilicheka kidogo, nikimkumbuka bibi yangu akitoka nyumba ya watu alfajiri na sufuria mkononi. Hakuwa na cheo. Alisema tu anakwenda kumkanda mzazi.

Zipo pia nyakati ambapo mtu huyo aliondolewa kwa mpango. Katika Kongo ya Wabelgiji, maofisa na makampuni waliingiwa na hofu kwamba watoto wanaozaliwa ni wachache na vibarua wa kesho watakosekana. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, katika makala yake ya mwaka 1988, ameonyesha jinsi lawama ilivyoangukia desturi ya kunyonyesha miaka miwili au mitatu huku mke na mume wakilala mbali. Kwa hesabu ya mkoloni, kila mwezi wa kunyonyesha ulikuwa mwezi uliopotea. Katika kambi za migodi za Katanga, ambako Kiswahili kilikuwa kikigeuka lugha ya kazi na ya nyumbani, kampuni ya Union Minière ilianza katikati ya miaka ya 1920 kuwaleta wake za wafanyakazi wakae kambini, ikawawekea zahanati za watoto, mizani, uji na maziwa ya kugawiwa, na shinikizo la kumwachisha mtoto mapema. Watoto wengi walipata matibabu ambayo wasingeyapata kwingine. Lakini mama aliyezalia kambini alikuwa mbali na mama yake mzazi, na mtu mwenye sauti juu ya titi lake sasa alikuwa mwajiri wa mumewe.

Wakati huohuo, upande mwingine wa bara, daktari Cicely Williams, aliyezaliwa Jamaika, alikuwa akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo. Aliwaona watoto waliovimba miguu na tumbo, nywele zikibadilika rangi, mara nyingi baada ya kuachishwa ziwa kwa sababu mdogo wao amezaliwa. Aliwauliza kina mama wanauitaje ugonjwa huo, na miaka ya 1930 akauandikia kwa jina lao, neno la Kiga lililofika mpaka kwetu: kwashakoo. Linamhusu mtoto aliyeondolewa kwenye nafasi yake na anayemfuata. Mwaka 1939 akiwa Singapore alitoa hotuba aliyoipa jina la maziwa na mauaji. Alikuwa amewaona wanawake waliovalishwa kama wauguzi wakiwashawishi wazazi waache kunyonyesha na kutumia maziwa ya kopo yenye sukari, akasema wazi kwamba vifo vinavyotokana na ushawishi wa namna hiyo vihesabiwe kuwa mauaji.

Ilichukua miaka 35 kabla dunia haijagombana juu ya maneno hayo. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilitoa kijitabu cha Mike Muller kuhusu biashara ya maziwa ya unga katika nchi maskini. Kikundi cha wanaharakati cha Bern, Uswisi, kilipokitafsiri na kukipa jina lililoitaja Nestlé kuwa inaua watoto, kampuni ilikwenda mahakamani na kushinda. Wanaharakati walitozwa faini ya faranga 300 kila mmoja mwaka 1976, lakini hakimu aliitaka kampuni nayo ifikirie upya namna inavyojitangaza. Mwaka uliofuata ukaanza mgomo wa kususia bidhaa zake. Tarehe 21 Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni ya Kimataifa ya kudhibiti uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama, kwa kura 118 dhidi ya 1. Kura hiyo moja ilikuwa ya Marekani.

Naiheshimu kanuni hiyo. Ndiyo sababu huoni muuzaji aliyevaa sare ya muuguzi kando ya kitanda cha mzazi, na ndiyo sababu kopo linatakiwa kuandikwa kwamba maziwa ya mama ni bora. Wapo watoto wanaolihitaji kopo, na mama zao hawastahili kusutwa. Ila kumzuia muuzaji ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumrudisha yule aliyekuwa akileta uji, na hapo ndipo karne nzima imesuasua.

Tazama tarakimu. Mkataba wa kwanza wa kimataifa wa kumlinda mama kazini ulipitishwa Washington mwaka 1919, na Shirika la Kazi Duniani lililokuwa ndiyo kwanza limezaliwa. Ulitaka likizo ya wiki 12, nusu kabla ya kujifungua na nusu baada, pamoja na vipindi viwili vya nusu saa kila siku vya kunyonyesha. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha akirudi kazini. Siku 84 ni wiki 12. Miaka 85 imepita katikati, na likizo ni ileile. Wakati huohuo, tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, yaani kama wiki 26. Kati ya ushauri na likizo kuna pengo la wiki 14, na humo ndimo mama anaambiwa "jitahidi".

Dada yangu alipita katika pengo hilo mwaka juzi. Ofisi yake iko mjini, nyumba yake Mbagala. Saa zake mbili alipewa bila ubishi, ila foleni ilizimaliza barabarani kabla hajamshika mtoto. Akaanza kukamua maziwa kwenye stoo, amekaa juu ya boksi la karatasi, mlango ukizuiwa kwa kiti. Mama yetu alikuwa amekuja kwa arobaini, kisha akarudi Tanga kwenye genge lake. Mwezi wa nne maziwa yakapungua. Jirani mmoja akasema ni mepesi, mwingine akasema hali vizuri. Aliyemwokoa ni mama mtu mzima wa dirisha la pili pale kazini, ambaye bila kuulizwa alianza kushika wateja wake saa nne na saa nane. "Nenda mwanangu, usikimbie," alikuwa akimwambia. "Ukikimbia hayatoki." Sidhani kama amewahi kusoma jaribio la Newton.

Hayo ni ya ofisini, kwenye mshahara na mkataba. Sheria ile haimfikii muuza mboga, na kwa vitendo mara nyingi haimfikii binti wa kazi anayelea mtoto wa mwingine huku wake yuko kijijini kwa bibi. Na hata penye mamlaka yenyewe pengo lipo. Tarehe 7 Agosti 2019, Zuleikha Hassan, mwakilishi wa wanawake wa Kaunti ya Kwale, aliingia katika Bunge la Taifa la Kenya na mtoto wake wa miezi mitano, akieleza kwamba amepata dharura nyumbani na hakuna pa kumwacha. Aliamriwa atoke, na wabunge wanawake kadhaa wakatoka naye. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya Wiki ya Unyonyeshaji Duniani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, inayowataka waajiri wa Kenya watenge chumba cha kunyonyeshea, ilikuwa imepitishwa na Bunge hilohilo miaka miwili nyuma.

Sababu ya kumtoa ilikuwa ya kikanuni. Asiye mbunge wala mtumishi wa Bunge huhesabiwa mgeni, na mgeni haruhusiwi ukumbini. Neno hilo limenikaa kichwani, kwa sababu kwa Kiswahili cha nyumbani mtoto mchanga huitwa hivyohivyo. "Tumepata mgeni," watu hutangaza, na wanaosikia huanza kuhesabu nani atalala pale, nani atapika, nani atakwenda sokoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Mwenyeji wa mgeni huyu ametoka leba wiki iliyopita, ana nyuzi, ana usingizi, na baada ya siku 84 anatakiwa ofisini saa mbili asubuhi.