Kibaha na Kisarawe: Walala Pwani, wachuma Dar es Salaam

Na Mwandishi Wetu

SAA kumi na moja alfajiri, wakati mitaa mingi ya katikati ya Dar es Salaam bado imelala, vituo vya daladala vya Maili Moja, Kwa Mathias na Picha ya Ndege mjini Kibaha huwa tayari vimejaa watu. Wapo makarani wa ofisi, wauzaji wa maduka ya Kariakoo, mafundi, wauguzi na wanafunzi waliovaa sare. Upande wa pili, juu ya vilima vya Kisarawe, wenzao nao huwania nafasi katika magari yanayoteremka kwenda Gongo la Mboto.

Watu hawa ni wakazi wa Mkoa wa Pwani kwa makazi, lakini ni wakazi wa Dar es Salaam kwa riziki. Makala hii inaeleza miji hiyo miwili inavyokua, huduma zilizopo na mambo ambayo anayefikiria kuhamia huko anapaswa kuyafahamu.

Idadi ya watu

Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, ipo takriban kilomita 40 magharibi mwa Dar es Salaam katika Barabara ya Morogoro. Kisarawe ipo kusini magharibi, umbali wa takriban kilomita 30, katika barabara inayopitia Pugu.

Kwa mujibu wa sensa, Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012. Mwaka 2022 walifikia 2,024,947. Katika kipindi hicho hicho Dar es Salaam iliongezeka kutoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728. Kwa maneno mengine, mkoa jirani ulikaribia kuongeza idadi sawa na ile ya jiji lenyewe. Eneo la mji wa Kibaha, lililopata Halmashauri yake ya Mji mwaka 2004, lilikuwa na watu takriban 128,000 mwaka 2012, na miaka 10 baadaye idadi hiyo ilikuwa imezidi mara mbili.

Sababu kubwa ni ardhi. Mfanyakazi wa kipato cha kawaida asiyemudu kiwanja Sinza au Tabata hukipata Visiga, Misugusugu au kando ya barabara ya Kisarawe, akajenga kidogo kidogo na kuhamia kabla nyumba haijapigwa lipu. Anaachana na kodi ya mwenye nyumba, lakini badala yake analipa kwa nauli na kwa saa za usingizi.

Miji yenye historia

Si sahihi kuiona miji hii kama vitongoji vilivyozuka jana. Kibaha ilianza kupata sura yake ya leo kutokana na mradi wa nchi za Nordic uliozinduliwa mwaka 1963 kwa ajili ya kupambana na ujinga, maradhi na umaskini. Mwaka 1970 mradi huo ulikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Kutokana nao zilipatikana Shule ya Sekondari Kibaha, ambayo ni miongoni mwa shule za wavulana wenye vipaji maalumu, na Hospitali ya Tumbi.

Kisarawe nayo ni kitovu cha Uzaramo. Sekondari ya Minaki, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana, imesomesha vizazi kadhaa vya viongozi na wataalamu. Njiani kuelekea huko ipo Pugu, ambako Mwalimu Julius Nyerere alifundisha kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 ili kuongoza harakati za uhuru. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, mabaki ya misitu ya kale ya pwani, ipo hapo hapo, ingawa kwa miaka mingi imekuwa ikishambuliwa na wachoma mkaa wanaohudumia majiko ya jiji.

Usafiri

Kwa mkazi wa Kibaha, safari ya kawaida ni daladala hadi Mbezi au Kimara, kisha gari jingine kuelekea mjini. Tangu Mei 2016 wengi hushuka Kimara na kupanda mabasi ya mwendokasi kwenda Kariakoo, Posta au Kivukoni. Mwaka 2018 ulianza upanuzi wa Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kuwa ya njia nane. Februari 2021 ilizinduliwa barabara ya juu ya Ubungo pamoja na kituo kikuu cha mabasi ya mikoani cha Mbezi Luis.

Upanuzi huo ulikuwa na gharama yake. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa, na familia nyingi zilipoteza makazi ziliyoyajenga kwa miaka mingi. Tukio hilo lingali likikumbukwa kila mtu anapopima umbali kati ya kiwanja chake na lami.

Wakazi wa Kisarawe hutegemea daladala hadi Gongo la Mboto na kisha Barabara ya Nyerere. Reli ya kisasa, iliyoanza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, ina stesheni Pugu, na pia Soga na Ruvu katika Wilaya ya Kibaha. Hata hivyo, kwa asiyeishi karibu na stesheni, bado bodaboda ndiyo inayoamua kama atawahi au atachelewa.

Maji

Hili ndilo jambo linalowagusa wakazi kuliko mengine. Mtambo wa Ruvu Juu, uliopo Mlandizi, una uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku, na bomba lake kuu hupita Kibaha kuelekea Kibamba na Kimara. Kwa miaka mingi waliishi watu walioliona bomba likipita jirani ilhali wenyewe wakinunua maji kwa madumu.

Kisarawe, kwa kuwa ipo mlimani, iliteseka zaidi. Wakazi walitegemea visima, malambo na maji ya mvua hadi mradi wa kusukuma maji kutoka Kibamba ulipozinduliwa Juni 2020. Hata hivyo chanzo ni kile kile, yaani Mto Ruvu. Kina cha mto huo kiliposhuka mwishoni mwa mwaka 2021, na tena mwaka 2022, mgawo wa maji ulirudi. Ndiyo maana mwenye busara hujenga tangi au simtanki kabla ya uzio. Serikali inategemea Bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, kuhifadhi maji ya mto huo kwa ajili ya kiangazi.

Afya na ajira

Hospitali ya Tumbi hupokea majeruhi wengi wa ajali za Barabara ya Morogoro, mbali na wagonjwa wake wa kila siku. Kisarawe ina hospitali ya wilaya. Tangu mwaka 2017 wakazi wa Kibaha wana pia Hospitali ya Mloganzila, iliyo upande wao wa jiji, hivyo si kila rufaa humlazimu mgonjwa kuvuka foleni hadi Upanga.

Ajira nazo zimeanza kusogea. Kibaha ina viwanda eneo la TAMCO, kikiwamo cha viuadudu vya mbu kilichozinduliwa mwaka 2015, na bandari kavu ya Kwala ilizinduliwa Julai 2025. Iwapo hali itaendelea hivyo, baadhi ya wanaoamka saa kumi usiku huenda wakapata kazi bila kuvuka mpaka wa mkoa.

Kabla ya kununua kiwanja

Migogoro mingi huanzia kwenye mauziano. Mnunuzi anashauriwa kuzingatia haya:

Kwanza, afike ofisi ya ardhi ya halmashauri kuhakiki kama eneo limepimwa, limepangiwa matumizi gani na linamilikiwa na nani. Neno la dalali si uthibitisho.

Pili, kama ni ardhi ya kijiji, inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Uamuzi ni wa halmashauri ya kijiji, wala hautoshi mhuri wa mwenyekiti peke yake.

Tatu, aulize mipaka ya hifadhi ya barabara, reli, bomba la maji na msitu.

Nne, asafiri kutoka kiwanjani hadi kazini siku ya Jumatatu asubuhi, si Jumapili mchana. Safari hiyo moja itamweleza kuhusu maisha ya huko mengi ambayo muuzaji hatayasema.