Mlango wa Kutokea: Ulinzi wa Mwekezaji Mdogo Kasese na Bwera

Tangu Kenya itoe kanuni za uchangishaji mtaji kwa umma mwaka 2022, wapo wanaosema Uganda haina haja ya kuumiza kichwa: inakili tu. Kanuni hizo zinairuhusu biashara ndogo kukusanya hadi shilingi milioni 100 za Kenya ndani ya miezi 12 kupitia jukwaa la mtandaoni lenye leseni, na mwekezaji wa kawaida amewekewa kikomo cha shilingi 100,000 za huko. Marekani ilitangulia kwa sheria ya mwaka 2012. Fikra ni ile ile: mwekee mtu kikomo, mpe taarifa, kisha aamue mwenyewe. Kwa mkulima wa kahawa wa Kyarumba na mchuuzi wa mpakani Bwera, wilayani Kasese magharibi mwa Uganda, fikra hiyo haitoshi.

Kwamba mwekezaji mdogo anahitaji ulinzi, hakuna anayebisha. Yaliyowakuta waliotia fedha Dunamiscoins, kampuni ya sarafu za kidijitali iliyofunga milango na fedha zao huko Masaka mwaka 2019, yanatosha. Mabishano ni juu ya mahali pa kuuweka. Wanasheria wa masoko ya mitaji huuweka kwenye mlango wa kuingilia, kabla mtu hajatoa fedha. Mimi nashikilia kwamba mtu huumia zaidi kwenye mlango wa kutokea, anapotaka kuichukua fedha yake.

Ushahidi wangu mkuu ni vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo utaratibu wake ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE. Kila wanapokutana, mwanachama hununua hisa moja hadi tano, na kwa kila hisa kijitabu chake hugongwa muhuri. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Fedha huhesabiwa mbele ya wote. Mwaka ukikaribia kwisha mikopo yote hurejeshwa, sanduku hufunguliwa, na kila mmoja hupata gawio kulingana na mihuri yake. Waraka wa matarajio, ule ambao kampuni humpa mnunuzi wa hisa, haupo, na asiyejua kusoma anaweza kuhesabu mihuri. Kinachomlinda hasa ni tarehe: siku ya kugawana inajulikana tangu mkutano wa kwanza, hivyo wizi hauwezi kufichwa miaka mitano.

Linganisha na hisa ya kampuni ndogo. Mwenye hisa za shilingi 200,000 za Uganda katika kiwanda kidogo cha kuosha kahawa atamuuzia nani? Soko la hisa la Kampala halimhusu. Gawio hutegemea wakurugenzi. Anaweza kuwa alisoma kila ukurasa wa waraka na bado akanaswa humo.

Sheria za Uganda nazo zimegawanyika vibaya. Kikundi cha akiba kinaangukia sheria ya taasisi ndogo za fedha ya mwaka 2016. Ushirika una msajili wake. Kampuni binafsi, kwa sheria ya makampuni ya mwaka 2012, haipaswi kuzidi wanachama 100 wala kuualika umma kununua hisa. Fedha ni ya mtu yule yule, ila ulinzi wake hutegemea jina la chombo alimoiweka. Jukwaa la mtandaoni litaongeza utata, kwani ndugu wa Bwera walioko Kasindi, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, nao watataka kuchangia.

Nitaambiwa kwamba sanduku hufaa kwa majirani thelathini tu. Lakini Bukonzo Joint, ushirika wa Kasese ulioanza mwaka 1999 katika akiba na mikopo ya vikundi, leo unauza kahawa ya maelfu ya wakulima.

Pingamizi zito ni jingine: mashine ya kukoboa haigawanywi kila Desemba. Ni kweli. Ndiyo maana napendekeza dirisha la kila mwaka baada ya mavuno, ambapo kampuni italazimika kununua tena sehemu ya hisa kwa kanuni ya bei iliyotangazwa mapema. Fedha za kazi hiyo zikae katika akaunti ya pekee, yenye watia saini waliochaguliwa na wawekezaji. Mtaji huenda ukawa ghali zaidi. Na hasara halisi itabaki kuwa ya mwenye hisa: mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2020, yaliyoharibu hospitali ya Kilembe, hayazuiliwi na kanuni yoyote.

Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Uganda tayari ina utaratibu wa majaribio kwa bidhaa mpya. Ianzie Kasese, kwa kampuni chache za kahawa na misimu kadhaa ya mavuno, kabla Kampala haijaandika kanuni ya nchi nzima. Na nadiriki kusema kwamba kanuni yoyote isiyo na tarehe ya kutoka isiitwe ya kulinda wawekezaji.