Kloroplasti za Namna Mbili katika Jani la Mahindi

Desturi ya vitabu vya shule, mintarafu ya elimu ya seli, ni kumwandikia mwanafunzi jedwali la oganeli na kazi zake: kiini hutunza urithi, mitokondria hutoa nguvu, kloroplasti huteka mwanga wa jua. Jedwali hilo lafaa mtihani, wala silidharau. Lakini linampa msomaji dhana kwamba umbo la oganeli na kazi yake ni mambo yaliyokwisha kukatwa, yasiyotegemea mahali ilipokaa wala jirani zake. Mahindi ya Saboti, yaliyotanda kutoka Kitale hata miteremko ya Mlima Elgon, yanaikanusha dhana hiyo kwa ushahidi ulio dhahiri.

Jani la mahindi likikatwa mkato mwembamba na kutazamwa kwa hadubini, kila mshipa huonekana umezungukwa na pete ya seli zenye kijani kilichokoza, na nje ya pete hiyo zimo seli za nyama ya jani, mpangilio ambao Gottlieb Haberlandt aliueleza tangu karne ya 19. Hadubini ya elektroni huzidisha tofauti: kloroplasti za nyama ya jani zina tando zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, ilhali zile za pete hazina matabaka hayo ila kwa uchache, nazo ndizo zinazolimbikiza wanga mchana. Asili yao ni moja na urithi wao ni ule ule. Maumbo ndiyo yaliyofarikiana.

Sababu ni kimeng'enya kiitwacho rubisko, ambacho huikamata hewa ya ukaa na kuianzishia safari ya kuwa sukari, lakini chenye ila ya kushika oksijeni badala yake, hasa joto likizidi, na kila kosa la namna hiyo huupotezea mmea kaboni uliyokwisha kuipata. Matabaka ya tando, nayo, ndiyo makao ya mtambo unaopasua maji na kutoa oksijeni. Basi mahindi yamevitenga: seli za nje huinasa hewa ya ukaa kwa kimeng'enya kingine kisichodanganyika na oksijeni, zikaifunga ndani ya asidi yenye kaboni nne, zikaipitisha katika pete, ambako hewa hufunguliwa na kusongamana mbele ya rubisko, penye oksijeni haba. Kukosa matabaka, ambako jedwali lingekuita upungufu, ndiko kunakoiwezesha kloroplasti ya pete kufanya kazi yake.

Njia hii ilifafanuliwa na Hal Hatch na Roger Slack mjini Brisbane mwaka 1966, si katika mahindi bali katika miwa, mmea ambao msomaji wa Bungoma anaufahamu vema kwa mashamba ya Nzoia. Maharagwe ambayo mkulima wa Saboti hupanda kati ya mistari ya mahindi hayana njia hiyo. Rubisko yao hukaa palepale oksijeni inapotolewa.

Hata hivyo hayakushindwa, maana ufundi wa mahindi una gharama: kila molekuli ya hewa ya ukaa hutumia molekuli 5 za ATP, kibebaji cha nguvu ndani ya seli, badala ya 3 zinazotumiwa na njia ya kawaida. Penye kivuli na ubaridi gharama hiyo huweza kuipita faida, na Kitale, iliyo takriban mita 1,900 juu ya bahari, si nchi ya joto kali. Kwa hiyo mavuno yake, tangu mbegu chotara ya H611 ilipotolewa mwaka 1964, yanadaiwa na mvua, udongo na wazalishaji wa mbegu kadiri yanavyodaiwa na kloroplasti.