Tembe la Kwihara: nyumba ya Livingstone, au ya nani?

Nimepotea kidogo, mitihani ilinibana. Jumamosi mimi na mshikaji wangu tulikwenda Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kuona lile tembe linaloitwa la Livingstone.

Kusema kweli nilienda bila hamu. Bibi yangu kule Dodoma vijijini anaishi kwenye tembe, na miaka yote nimeona aibu kuwapeleka marafiki pale. Nikajisemea, nyumba ya udongo, kuna nini cha kuona?

Basi sikilizeni. Stanley na Livingstone walifika hapa Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka Machi, mzee akabaki mpaka Agosti. Mwaka 1873 akafia huko ambako leo ni Zambia. Yaani alikuwa mgeni wa miezi sita tu! Kabla ya hapo, Agosti 1871, Mirambo alipoishambulia Tabora, Stanley alikuwa humu humu. Akatoboa matundu ukutani ya kupitishia bunduki, maana kuta ni nene kama za ngome.

Jengo la sasa limejengwa upya karne ya 20 kwa mfano wa lile la zamani. Lakini angalieni ujenzi wenyewe: nguzo zinabeba boriti, juu ya boriti zinapangwa fito, halafu udongo unashindiliwa mpaka paa linakuwa bapa. Vyumba vinauzunguka ua. Huo ni ufundi wa bara, wa Wanyamwezi na Wagogo. Waarabu wa msafara waliongeza baraza na mlango wa nakshi wa pwani.

Na Uingereza je? Nyumba aliyozaliwa Shakespeare, pale Stratford-upon-Avon, nayo ni mifupa ya mbao iliyozibwa kwa fito na udongo. Wenzetu wanaitunza na watu wanalipa kiingilio. Sisi tunaiita nyumba ya maskini!

Nikiingia darasani mwakani sitaanza na Livingstone. Nitawauliza wanafunzi: nani alikata hizi nguzo, nani alikanyaga huu udongo? Majina yao hayapo mlangoni, lakini nyumba ni kazi yao.

Likizo hii, anayetaka kwenda kwa bibi aniambie. Nafasi ipo.

Kwa leo naishia hapa. Tuonane lekcha!