Vinyago vya Kimakonde
Vinyago vya Kimakonde ni sanaa ya uchongaji ya Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Mtindo wa ujamaa ndio unaobeba kumbukumbu ya familia: gogo moja la mpingo hugeuzwa nguzo ya watu waliobebana, mababu chini, wana na wajukuu juu yao. Mchongaji huanza na tezo, huchimba kwa patasi, kisha hupiga msasa hadi weusi wa kiini ung'ae. Ni kazi ya subira kubwa. Mtindo mwingine, wa shetani, ulianzishwa na Samaki Likankoa katika miaka ya 1950. George Lilanga (1934–2005) aliupeleka kwenye turubai na kuutambulisha Ulaya na Marekani.

Mpingo hukua polepole mno, miongo kadhaa kabla ya kufaa kukatwa, na hutakiwa pia kwa klarineti. Kwa hiyo mchango wa Mkoa wa Kilimanjaro katika kuulinda mti huu una uzito wa pekee: mwaka 1996 Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea kutoka Kibosho, alianzisha pamoja na Mmarekani James Harris mradi wa kuuhifadhi, na miche ikapandwa Moshi na vijiji vya jirani kwa mikono ya wanafunzi na vikundi vya akina mama.