Bima tuliyolipa na hisa ambazo hatukuzimiliki

Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, na baada ya siku chache benki na bima zikawa chini ya Serikali. Shirika la Bima la Taifa, NIC, lilikuwa limeanzishwa mwaka 1963 Serikali ikiwa mmoja wa wabia wake. Sasa lote likawa mali ya umma, na likapewa peke yake haki ya kuuza bima nchini. Mwezi uliofuata, mjini Omaha, Marekani, mwekezaji Warren Buffett alinunua kampuni ya bima iitwayo National Indemnity kwa dola milioni 8.6. Aliinunua kupitia Berkshire Hathaway, ambayo wakati huo ilikuwa kampuni ya viwanda vya nguo vilivyokuwa vinafifia. Matukio haya mawili hayakuhusiana kwa lolote. Hata hivyo kila moja lilijibu kwa njia yake swali lile lile: fedha ambazo watu wanalipa leo ili wafidiwe kesho zikae mikononi mwa nani, na faida yake iende kwa nani?

Tupige hesabu ya kufikirika. Mwaka 1967 dola moja ilikuwa shilingi 7.14 za Tanzania, hivyo shilingi 10,000 zilikuwa dola 1,400. Hisa ya Berkshire iliuzwa kwa takribani dola 20, kwa hiyo fedha hizo zingenunua hisa 70. Mwaka 2024 bei ya hisa moja ilipita dola 600,000, yaani hisa 70 zilifikia thamani ya zaidi ya dola milioni 42. Chini ya Buffett kampuni hiyo ilitoa gawio mara moja tu, mwaka huo huo wa 1967, senti 10 kwa hisa. Faida nyingine yote ilirudishwa kazini. Ukiusambaza ukuaji huo katika miaka 57 unapata karibu asilimia 20 kwa mwaka. Kama ungekuwa asilimia 10, fedha zingezaa takribani mara 230. Kwa asilimia 20 zimezaa mara 30,000. Ndivyo faida juu ya faida inavyofanya kazi ikiachiwa miaka mingi.

Siri ya bima iko kwenye mpangilio wa malipo. Mwenye bodaboda wa Kwamsisi, iwe kata ya Handeni au ile iliyo ndani ya mji wa Korogwe, analipa bima ndogo kabla hajaingia barabarani, kwa sababu sheria inamlazimisha. Ajali ikitokea, fidia hulipwa baada ya miezi, pengine miaka. Ajali isipotokea, fedha yake haimrudii. Katikati hapo kampuni inabaki na fungu kubwa la fedha za wengine, nayo huliwekeza katika hatifungani, majengo na hisa. Ikiwa fidia na gharama za uendeshaji hazizidi ada zilizokusanywa, fungu hilo linakuwa mkopo usio na riba unaojazwa upya kila mwaka. Buffett alitumia fungu la aina hii kununua biashara nyingine. Mwenye hisa ndiye anayevuna matunda yake, ilhali mlipaji wa ada anapata kinga, ambayo ni kitu cha maana lakini inaisha siku bima inapoisha.

Tuwe wakweli kuhusu Azimio. Kabla ya 1967 sehemu kubwa ya biashara ya bima hapa ilikuwa ya kampuni za nje, na ada zilizolipwa na mashamba ya mkonge ya Korogwe na wenye malori ya Tanga zilikwenda kukuza mitaji ya mbali. Kutaifisha kuliliweka fungu hilo nyumbani. Majengo ya NIC, kama Kitega Uchumi jijini Dar es Salaam, ni ushahidi kwamba fedha hizo zilijenga kitu. Ninalolikosoa ni hatua ambayo haikufuata. Mwananchi aliyelipa ada hakupewa mlango wa kununua hata hisa moja, na bidhaa pekee ya akiba aliyoweza kuipata huko ilikuwa bima ya maisha. Hapo shilingi ikamwangusha. Mtu aliyekata bima ya shilingi 20,000 mwaka 1970, ilipwe baada ya miaka 20, alitarajia kitu chenye thamani ya dola 2,800. Mwaka 1990 dola ilikuwa karibu shilingi 195, na shilingi 20,000 zile zilikuwa takribani dola 100. Ahadi ilitimizwa kwa tarakimu, thamani yake ikiwa imeliwa na mfumuko wa bei uliozidi asilimia 25 kwa mwaka kwa muda mrefu wa miaka ya 1980. Hisa ingeweza kumkinga angalau kwa kiasi, kwa sababu bei za majengo kama yale ya NIC hupanda pamoja na bei za vitu vingine.

Mtu atasema Berkshire ni tukio la pekee duniani, na kupima wengine kwa kipimo hicho ni kuwahadaa wasomaji. Nakubali. Ndiyo maana mifano ya karibu ina uzito zaidi, na haibembelezi. Kampuni ya bima ya Jubilee ilianzishwa Mombasa mwaka 1937, na tangu 2006 hisa zake zimeorodheshwa pia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, ingawa manunuzi yake mengi hufanyika Nairobi. Hisa hiyo ilipita shilingi 400 za Kenya miaka ya katikati ya 2010. Mwaka 2023 ilikuwa chini ya 200, na gawio la takribani shilingi 9 kwa mwaka lililotolewa kwa miaka kadhaa halikuweza kuziba pengo hilo. Kampuni nyingine ya bima, Britam, iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2011 kwa shilingi 9 za Kenya. Bei ikapanda hadi karibu 30 mwaka 2015, kisha ikarudi chini ya ile ya kuanzia. Kwa hiyo bima haimtajirishi mwenye hisa kwa sababu tu ni bima. Bei unayoingilia ina uzito wake, na uangalifu wa kampuni katika kupokea hatari na kuwekeza una uzito mkubwa zaidi.

Hoja nzito zaidi ni kwamba NIC tayari ni mali yetu sote, na gawio lake huingia Hazina kujenga shule na zahanati. Hilo lina ukweli, na sitaki NIC ikabidhiwe tajiri mmoja. Lakini tunao mfano wa shirika la umma lililofungua mlango bila Serikali kujiondoa. Serikali iliuza sehemu ya hisa zake za Benki ya NMB kwa wananchi mwaka 2008 kwa shilingi 600. Mwaka 2024 hisa moja ilipita shilingi 5,000, ukuaji wa takribani asilimia 14 kwa mwaka kabla ya kuhesabu gawio. Serikali bado ni mwanahisa, na bado inapokea gawio. Mfano wa kinyume upo pia: kampuni ya simu ya Vodacom iliuza hisa zake kwa shilingi 850 mwaka 2017, na miaka 5 baadaye bei ilikuwa bado haijarudi hapo. Ndiyo sababu hisa za NIC zikiuzwa zinapaswa kupangiwa bei ya haki, na hesabu za miaka kadhaa ziwekwe wazi kwa lugha ambayo mnunuzi anaielewa.

Wengine watauliza mkulima wa mahindi wa Handeni atatoa wapi fedha za hisa wakati mvua zenyewe hazina uhakika. Wanaouliza hivyo hawajaangalia vikundi vya kuweka na kukopa, ambako wanachama hununua hisa kila wiki kwa viwango vidogo na kufuatilia daftari la kikundi kwa makini. Nidhamu ipo. Kilichokosekana ni mali ya muda mrefu ya kununua, kwani vikundi vingi hugawana fedha kila mwisho wa mwaka, na mgao unaogawanywa kila Desemba haupati nafasi ya kuzaa juu ya kile ulichokwisha kuzaa.

Sheria ya Bima ya 1996 ilimaliza haki ya pekee ya NIC, na ile ya 2009 inataka angalau theluthi moja ya umiliki wa kampuni ya bima iwe ya Watanzania. Theluthi hiyo inaweza kutimizwa na watu wachache wenye fedha wa Dar es Salaam. Serikali iuze sehemu ndogo ya hisa za NIC katika soko la hisa, kiwango cha chini cha kununua kiwe kile ambacho kikundi cha Kwamsisi kinaweza kukifikia kwa msimu mmoja, na wanunuzi wadogo wapewe kipaumbele kabla ya wakubwa.